Vitambaa Mia na Viwili vya Ruvubu

Barua ilikuwa na mistari sita tu, na ule wa nne ndio uliomkata Zaituni maini. Ulisema kwamba vipimo vya mto Ruvubu, kituo cha Muyinga, vinaonyesha maji safi kupita ya mto wowote wa ukubwa ule, kiasi cha kutia shaka kama maji hayo yalichotwa mtoni kweli. Mstari wa tano ulimpa siku kumi na nane za kujieleza, la sivyo kituo chake kingefutwa. Wa sita ulimtakia kazi njema.

Kazi njema! Kuna watu hata wakikuchinja watakutakia kazi njema.

Ilikuwa mwaka 2021, na Zaituni binti Uthmani alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi aliteremka kwa miguu kutoka mtaa wa Musinzira hadi kwenye chumba kimoja chenye madirisha mabovu, hapo hapo Gitega, ambacho kilikuwa maabara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kaboni ya mto. Ukimuuliza kaboni ni kitu gani, hakukutajia kitabu. Alikuonyesha jani la mgomba. Jani hili, angesema, limejengwa kwa hewa. Mmea unavuta hewa ukaa, unabaki na kaboni yake, unajitengenezea mwili. Jani likianguka linaoza. Sehemu yake inarudi hewani, sehemu inabaki udongoni, na mvua ikinyesha inaibeba: nyingine imeyeyuka huioni, nyingine ni matope na vipande vya majani. Inaingia kijitoni, kijito kinaingia Ruvubu, Ruvubu inaingia Kagera, Kagera inaingia Ziwa Viktoria, na kutoka huko ni mto Nili mpaka Misri, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi. Njiani mto wenyewe unapumua na kurudisha sehemu hewani. Sehemu nyingine inazama ziwani na kulala huko. Kile kidogo kinachofika baharini kinaliwa na viumbe vya bahari au kinazikwa chini kwa maelfu ya miaka.

Vituo kumi na kimoja, kuanzia Burundi hadi Iskanderia, vilikuwa vikipima kila kimoja kipande chake cha safari hiyo, ili yote ichorwe kwenye ramani moja. Ruvubu ilikuwa mwanzo wa ramani. Ikifutwa, ramani ingeanzia Kagera, na Burundi ingebaki mahali peupe pasipo na kitu. Na Zaituni angebaki mtu aliyechota maji ya bomba miaka miwili akayaita mto.

Mkubwa wake, Madamu Khurshid, aliitandaza karatasi ya vipimo mezani. Ukoo wake uliuza vitambaa na sufuria mjini Gitega tangu enzi za babu yake, lakini yeye aliliacha duka akaenda kusoma kemia, na ukali wa kupima akabaki nao.

"Angalia hapa," alisema. "Wiki ya kwanza, matope. Wiki ya pili, matope. Wiki ya tatu mto umepona ghafla, na miaka miwili haujaugua tena. Hata mwezi wa tatu, mvua inaangusha nyumba za watu, wewe unaniambia Ruvubu iko safi? Zaituni, huyo mzee wako anachota kwenye robine, kwenye bomba."

Wazo hilo lilikuwa limeshamwingia Zaituni tangu mstari wa nne, na aliona aibu kwamba limemwingia.

Mzee mwenyewe aliitwa Kassimu, fundi cherehani wa Muyinga, aliyezaliwa mwaka ule wa uhuru na kuwa rafiki wa marehemu baba yake Zaituni. Kila Alhamisi alifunga cherehani yake nyuma ya baiskeli akaenda kwenye soko la wiki lililo karibu na Ruvubu, kuwashonea watu nguo zilizochanika. Zaituni alipotafuta mtu wa kuchota maji kila wiki bila kukosa, alimtaja yeye. Ni mtu wa amana, alimwambia Madamu Khurshid. Sasa neno hilo lilimsuta. Kesho yake alipanda teksi ya Muyinga, na njia nzima, kupita Karuzi na vilima vyake vyote, alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mtu aliyempakata utotoni kwamba ni mwongo.

Alimkuta barazani kwake, mguu juu ya cherehani. Mkewe, Mwajuma, alimletea chai kabla hajakaa vizuri.

"Karibu, mwana wa Uthmani. We umekonda! Gitega hawapiki?"

"Asante, mama." Chai hakuigusa. "Mzee, nikuulize kitu, na unijibu bila kunificha. Ile maji unachotaka wapi?"

Kassimu alizuia gurudumu kwa kiganja. "Ruvubu."

"Kila wiki?"

"Kila Alhamisi. Hata ile Alhamisi malaria ilinishika. Muulize huyu."

"Alienda anatetemeka," alisema Mwajuma. "Nikamwambia utaanguka mtoni, tukuzike na chupa yako."

"Sasa mbona iko safi hivi? Wakubwa wanasema hii maji ni ya robine."

Fundi alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Alivua miwani yake akaiweka juu ya nguo aliyokuwa akiishona. "Robine. Donc mi nimekuwa mwizi wa maji, na nywele nyeupe hizi? Si we mwenyewe ndo ulisema, mwanangu?"

"Mi nilisema nini?"

"Ulimtuma Chabani, yule dereva. Wiki ya pili ilipoisha. Akaniambia: Zaituni anasema usilete majani na takataka, inaziba mashine. Alors, tangu pale mi nachuja. Nakunja bafta mara nne, napitisha maji yote, ndo naijaza chupa."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Zaituni alikumbuka siku ile vizuri kabisa: mrija wa mashine umeziba, yeye amekasirika, Chabani yuko mlangoni na funguo za gari mkononi, na yeye akamtupia neno moja bila hata kumtazama. Alitaka kusema asiweke vijiti vikubwa. Hakusema hivyo. Alisema takataka. Na ungemwambiaje fundi mwenye adabu, Mwislamu wa kutawadha mara tano, asipeleke takataka kwa watu, halafu utegemee akuletee matope? Kosa halikuwa la mzee, lilikuwa lake yeye. Miaka miwili mizima alikuwa amepima mto ulionyang'anywa mzigo wake, na aliyeamuru unyang'anywe ni yeye. Alijisikia mdogo hata akatamani kile kigoda kimmeze.

"Na ile uchafu," aliuliza kwa sauti ya chini, akijua jibu, "uliimwaga."

Kassimu alimtazama kama aliyetukanwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Hapa inafaa kueleza, kwa asiyejua mafundi wa zamani wa Muyinga. Ukimpelekea fundi wa aina ile kitambaa chako, siku ya kuchukua nguo atakupa na vipande vilivyobaki, hata viwe vidogo vya kufungia kidole, vimekunjwa na kufungwa na uzi. Hatasubiri uulize. Akikosa kukupa, kesho sokoni watasema amekula kitambaa cha watu, na fundi aliyekula kitambaa afadhali akauze mihogo.

"Mi namwaga mali ya mtu?" alisema. "Maji ni yenu, na iliyobaki kwenye bafta ni yenu. Nimengojea mwenyewe aje kuchukua. Chabani alikataa, akasema yeye anabeba chupa tu. Na we hukuja."

"Afadhali leo amekuja!" Mwajuma alidakia, tayari amesimama. "Sanduku yangu ya harusi, mwanangu! Miaka mbili imejaa matope, kanga zangu naweka ndani ya karton!"

Aliliburuta kutoka chumbani mpaka barazani. Lilikuwa sanduku la bati lenye maua mekundu. Kassimu alilifungua, na ndani, kwa safu, vilipangwa vifuko vyeupe vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja kimeshonwa pande zote kwa mshono mwembamba, na kila kimoja kina kikaratasi kilichoshikizwa kwa uzi, kama kile anachokiweka kwenye nguo za wateja: Ruvubu, na tarehe. Zaituni aliinua kimoja akakitikisa sikioni. Kilitoa sauti ya mchanga mkavu.

"Ulivikausha?"

"Juani siku nzima, ndo nikashona. Ikibaki na maji inaoza."

"Na kila mara ulichuja maji kiasi gani?" Bila kujua hilo, vifuko vyote vile vingekuwa udongo tu.

Kassimu alionyesha kwa kidevu kidumu cha njano kilichoning'inia ukutani. "Ile ya lita tano. Naijaza mpaka juu, kila mara. Fundi hapimi na macho."

Zaituni alihesabu mpaka mwisho. Vilikuwa mia na viwili, kila wiki tangu ile ya tatu, hakuna hata moja iliyorukwa. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mpaka Mwajuma akamuuliza mumewe kama wasichana wa laboratoire wote wako hivi.

Katika teksi ya kurudi, sanduku likiwa magotini mwake, shetani alimkalia begani. Chabani alikuwa amehamia Bujumbura. Nani angejua habari za neno lile la mlangoni? Angeweza kusema mzee alichuja kwa akili yake mwenyewe, na kila mtu angeamini: mzee wa kijijini, hajui sayansi. Alilifikiria hilo mpaka Karuzi. Baada ya Karuzi alikumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na zaidi ya hapo alikumbuka mshono wa vile vifuko. Alipofika Gitega alimweleza Madamu Khurshid kila kitu, hata rangi ya shati la Chabani siku ile.

Madamu Khurshid alihesabu siku za barua kwa vidole. "Zimebaki siku kumi na tano," alisema. "Leta mizani."

Kifuko cha kwanza walikitia katika tanuru kilivyo, kwa pupa. Unapochoma matope kwa moto mkali, vitu vya mimea vinaungua na kutoweka, na uzito uliopotea unakuambia kaboni ilikuwa kiasi gani. Jibu lilitoka kubwa ajabu, kana kwamba Ruvubu ni supu ya majani. Madamu Khurshid aliangalia namba, akaangalia kifuko cha pili mezani, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Pamba!" alisema. "Na pamba si mmea? Tumechoma bafta tukaiita mto!"

Kwa hiyo matope yalipaswa kutoka kwenye kitambaa bila kupotea punje na bila kuacha uzi. Zaituni alijaribu kufungua mshono kwa mkasi, nyuzi zikajaa mezani kama mvi kwenye sakafu ya kinyozi. Siku mbili baadaye Kassimu alishuka Gitega na Mwajuma, ambaye alisema haachi sanduku lake liende peke yake tena. Fundi aliutazama mkasi akausogeza pembeni.

"Mkasi hapana. Leta wembe."

Akaketi dirishani. Aliukata mshono tundu kwa tundu, akauvuta uzi ukatoka mzima, akampa Zaituni kitambaa kilichofunguka kama ua. Zaituni akakisuuza katika maji safi ya maabara mpaka kikawa cheupe, maji yale ya matope yakakaushwa, na Madamu Khurshid akapima, akachoma, akapima tena. Nusu gramu, gramu moja, wiki za mvua gramu mbili na zaidi. Haba na haba. Viwili vilikuwa vimeota ukungu, wakaviweka kando na kuandika hivyo daftarini. Ukitoa na kile cha kwanza kilichochomwa kizima, vikabaki tisini na tisa. Kwa siku sita watu watatu hao walifanya kazi karibu bila maneno, na Mwajuma akiwapikia maharage na kuwaambia wanakula kidogo.

Lakini Madamu Khurshid hakuridhika. "Watatuuliza tunajuaje bafta ilishika yote ambayo chupa ilikosa. Na wakiuliza watakuwa na haki."

Hivyo Alhamisi iliyofuata wote watatu walikuwa ukingoni mwa Ruvubu, chini ya lile soko la wiki. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na mto ulishuka mwekundu, mnene, umebeba vipande vya mafunjo na majani ya migomba. Walijaza vidumu kumi. Kila kidumu walikitikisa wakakigawa nusu kwa nusu: nusu moja ikaenda kama ilivyo, nusu ya pili ikapita kwenye bafta ya Kassimu, kwa mikunjo yake minne. Ikiwa kitambaa na chupa vikijumlishwa vinalingana na maji mabichi, Ruvubu imepona. Ikiwa havilingani, basi mia na viwili ni matambara.

Kupima kuliwachukua siku tatu. Zaituni aliandika namba mbili mbili, pea kwa pea. Tisa zililingana, tofauti haikufika tatu kwa mia. Moja ilikataa, kwa sababu kipande kikubwa cha jani kilikuwa kimeingia upande mmoja, na hilo nalo wakaliandika. Madamu Khurshid alizijumlisha mara mbili, halafu akaenda dirishani akasimama akiwapa mgongo. Waliona tu mabega yakitikisika. Zaituni hakuwahi kumwona akilia, na hakumwona siku hiyo pia, maana aligeuka akiwa amekwisha kujifuta.

Siku ya mkutano walikaa mbele ya kompyuta moja. Kwenye kioo walikuwa watu wa vituo vyote, kila mmoja katika kidirisha chake, na katikati msimamizi, yule yule wa mistari sita. Zaituni alizungumza Kifaransa, kwa sauti iliyoanza nyembamba.

"Vipimo mlivyonavyo vina upungufu, na kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwagiza mchotaji aondoe takataka. Alitii. Lakini alichokiondoa alikihifadhi, wiki kwa wiki, na hiki hapa."

Akaonyesha vitambaa, akaonyesha vidumu kumi, ile pea iliyokataa na vile vifuko viwili vya ukungu. Hakuficha kitu. Akafunga daftari. Mwanamke wa Iskanderia ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alisema kwa miaka yake yote mdomoni mwa Nili hajapata kuona mtu aliyetunza kila wiki ya matope kwa miaka miwili, na akaomba kuuona mshono kwa karibu.

Msimamizi alivuta karatasi zake. Kisha aliuliza mchotaji yuko wapi, na Zaituni akaigeuza kompyuta. Kassimu alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, amekaa wima kama bwana harusi. Msimamizi alisimama kwenye kidirisha chake, akasema maneno machache, na Madamu Khurshid akayatafsiri:

"Anasema alikutilia shaka bila kukujua. Anaomba radhi."

Kassimu alifikiri. "Mwambie nimesamehe. Lakini mwambie siku ingine, kabla ya kuandika mtu ni mwongo, apande gari aje. Muyinga kuna njia."

Madamu Khurshid aliyatafsiri yote, hakupunguza hata neno moja.

Ndipo ramani ikaja. Mstari wa kahawia ulianzia Muyinga, mnene kuliko vijito vyote vya juu vya Nili vilivyopimwa, mara tatu ya ule uliokuwapo kabla ya barua. Zaituni alikiinamia kioo. Miaka miwili ya maisha yake ilikuwa pale kwenye kioo, na ilikuwa kweli.

Kassimu aliinuka akaja karibu. Aliweka kidole juu ya Muyinga akaufuata mstari: Kagera, ziwa, kisha kaskazini, kaskazini tena. Uso wake ukaanza kukunjamana.

"Mbona inakuwa nyembamba? Huku chini imekuwa uzi."

"Nyingine mto unaipumua hewani, Mzee. Nyingine inalala ziwani, na nyingine nyuma ya mabwawa. Ni safari ndefu."

"Lakini inafika?"

Zaituni aliangalia mwisho wa mstari, pale ulipogusa buluu. "Ile iliyoyeyuka inafika. Kidogo, lakini inafika."

"Baharini?"

"Baharini."

Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akatazama upande wa kibla, akaenda chini akaweka paji la uso kwenye simenti ya maabara, sijida moja ndefu ya shukrani. Mwajuma hakungoja ainuke. Alipiga vigelegele vilivyotikisa chupa kwenye rafu, akavuta pumzi akapiga tena, na Iskanderia wakamjibu kwa vya kwao kutoka ndani ya kompyuta. Makarani wa ofisi ya jirani walikuja mbio, wakajazana mlangoni.

"Kuna nini? Nani anaolewa?"

"Ruvubu," alijibu Madamu Khurshid, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifanya mzaha. "Imefika kwake, baharini. Ingieni muone."

Wakaingia wote, na Zaituni akaanza kuwaeleza kuanzia jani la mgomba.